Kuku Hutaga, Jogoo Je?

Kuku hutaga mayai. Hakuna mfugaji atakayebisha, ingawa jogoo hatagi na kifaranga hatagi. Sasa sema: kuku ni majike. Hapo utakataliwa, na kumbe kila kuku atagaye ni jike! Iweje kauli ya kwanza iwe kweli na ya pili isiwe?

Jibu halimo katika kuhesabu. Mbu hueneza malaria, twasema, na ni kweli, japo dume haumi kabisa, na hata kati ya majike ni anofelesi tu, tena aliyeambukizwa vimelea.

Mwaka 1977 mwanaisimu wa Marekani Gregory Carlson, katika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu Kiingereza, alitoa hoja kwamba katika kauli kama hizi jina halimtaji kuku mmoja mmoja. Linataja aina yenyewe. Mtazame dodo, ndege wa Mauritius aliyetoweka duniani karne ya 17. Kila dodo alikufa kifo chake. Kilichotoweka ni aina.

Kiswahili kina hu-, kiambishi cha mazoea, na napenda ukaidi wake: hakikubali kiambishi cha nafsi. Kuku anataga? Nitauliza yupi. Kuku wanataga? Wangapi? Lakini kuku hutaga: awe mmoja au elfu, kitenzi hakisemi.

Tatizo ni kwamba tunasema hivyo hivyo kuhusu watu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Marjorie Rhodes, Sarah-Jane Leslie na Christina Tworek walitumia kitabu cha picha cha watu wa kubuni, Wazarpi, wa rangi, umri na jinsia mbalimbali. Baadhi ya watoto wa miaka minne walisomewa kwamba Mzarpi huyu anaogopa mdudu fulani. Wengine, kwamba Wazarpi huogopa mdudu huyo. Picha zilikuwa zilezile. Waliosikia kauli ya jumla walielekea zaidi kuamini kwamba tabia za Wazarpi ni za kuzaliwa nazo. Neno dogo namna hii, na mtoto tayari ameshagawa watu!

Kumwonyesha mtu jogoo hakumfanyi afute kauli yake kuhusu kuku. Kuhusu watu ni vivyo hivyo: nimesikia barazani watu wakisema wa kule ni wachoyo. Ukawatajia mmoja wa huko aliyewalisha mwezi mzima walipofiwa. "Ah, yule si kama wenzake," wanajibu, na wa kule wanabaki wachoyo.