Mpira Unaofuta Bomba la Kisima cha Mafuta

Tangu mafuta yapatikane Turkana mwaka 2012, na utafutaji ukafika mpaka bahari ya Lamu, vijana wetu wa Pwani huniuliza kazi ya visimani ikoje. Leo nitaeleza kifaa kimoja kidogo: mpira wa kufuta bomba.

Kisima kinapochimbwa hujazwa tope maalumu, yaani maji au mafuta yaliyochanganywa na udongo na madini mazito. Tope hilo hupoza keekee, hupandisha vipande vya mwamba, na uzito wake huzuia gesi isipande. Keekee ikichakaa, mabomba yote huvutwa juu. Bomba moja ni mita 9 hivi, kwa hivyo kisima cha mita 3,000 kina mabomba zaidi ya 300, yote yakitoka yamejaa tope.

Mpira wenyewe ni kisahani kinene chenye tundu dogo kuliko bomba. Huwekwa chini ya sakafu ya mtambo. Bomba likipita, mpira hulibana na kulikwangua, tope likarudi kisimani. Pia huzuia spana au bolti isitumbukie ndani.

Bila mpira huo sakafu huteleza, na watu wamesimama hapo kati ya vyuma vizito. Tope la mafuta huwasha ngozi, na mtambo ukiwa baharini laweza kumwagika majini.

Basi kijana wangu, ukipata kazi hiyo, hapa au Ghuba, tazama mpira kabla bomba la kwanza halijavutwa. Ukichanika haufuti kitu. Uliza utabadilishwa lini. Kuuliza si woga.