Rangi Nyekundu na Mguu wa Alumini

Wenye boti wengi wanaonijia hapa ukingoni mwa mkono wa bahari wa Mtwapa huwa wameshaamua. "Fundi, nipakie ile nyekundu, kama ya jirani." Jirani ana boti ya mbao. Mteja mwenyewe ana ya faiba, na nyuma yake kuna mguu wa mashine ambao ni alumini tupu chini ya rangi ya kiwandani. Hapo ndipo tunapoanza kubishana.

Boti inayolala majini bila kinga huota mwani, kisha huvamiwa na wale wadudu wa magamba makali wanaokata vidole. Chombo kinakuwa kizito, mafuta yanakwisha njiani. Wazee walipaka vyombo vyao deheni, yaani chokaa na shahamu, wakarudia kila walipokipandisha chombo. Sisi tunanunua sumu kwenye mkebe. Mara nyingi sumu hiyo ni oksidi ya shaba, ambayo yenyewe ni nyekundu, na hufanya kazi kwa kuyeyuka kidogo kidogo ili kila kinachotaka kujibandika kife.

Kwa mbao na faiba, sina neno. Lakini shaba na alumini zikikutana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake, na madini yaliyo dhaifu ndiyo yanayoliwa. Hapa iliyo dhaifu ni alumini. Wala si lazima zigusane: shaba iliyoyeyuka huja kutua juu ya alumini palipochubuka, na pale inapotua panachimbika kishimo. Kwa nje utaona rangi imefanya malengelenge. Ukitoboa lengelenge kwa bisibisi, ndani unakuta unga mweupe. Huo ndio mguu wako, unakwisha.

Waingereza walilipia somo hili mapema. Mwaka 1761 waliivisha manowari HMS Alarm mabati ya shaba chini ili kuzuia wadudu. Baada ya muda wakakuta misumari ya chuma iliyoshika mabati hayo imeliwa. Mwaka 1824 mwanasayansi Humphry Davy akatafuta njia ya kuilinda shaba yenyewe isiliwe na bahari, akaifunga vipande vya chuma na zinki. Shaba ikapona kweli, ila wadudu wakajaa, kwa sababu shaba isiyoyeyuka haiui kitu. Mimi hucheka kila nikikumbuka habari hiyo.

Baadaye ikaja rangi yenye sumu ya bati, TBT, ambayo wenye boti za alumini waliipenda mno kwa kuwa haikuila alumini. Iliwaharibu chaza wa ghuba ya Arcachon, na Ufaransa ikaibana mwaka 1982. Marekani ilipoipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1988, iliziachia zile za alumini. Mkataba wa kimataifa ulioifunga kabisa ulianza kutumika mwaka 2008. Ukiuziwa mkebe wa zamani wenye jina hilo, uuache hapo hapo.

Leo kuna njia mbili. Ya kwanza ni rangi yenye shaba ya aina nyingine, thiosayaneti, isiyo kali kwa alumini kama oksidi. Ya pili ni rangi isiyo na shaba hata chembe, inayotumia dawa kama zinki pairithioni. Kwa mguu wa mashine nachagua hii ya pili. Faiba inaweza kubaki na nyekundu yake, mradi uache ukanda mtupu wa inchi moja na nusu kuzunguka mguu.

Wapo mafundi wanaosema paka praima ya epoksi tabaka kadhaa, kisha nyekundu juu yake. Sikubaliani nao. Kamba moja ikisugua au jiwe moja likikwaruza, ulinzi wote umekwisha. Praima ni lazima hata kwa rangi salama, na ipakwe mara tu baada ya kupiga msasa na kufuta mafuta, kwa sababu alumini iliyokwaruzwa huanza kujifunika upya papo hapo. Zile zinki ndogo za kuliwa badala ya mguu zisiguswe na rangi. Zikibaki nusu, badilisha. Za magnesi ni za maji baridi, waachieni watu wa Kisumu na Mwanza.

Tena, ikiwa mashine yako ni ya nje na unaiinua yote juu ya maji kila ukirudi, haihitaji rangi hii kabisa. Nimewaambia wateja hivyo nikakosa kazi. Wanaoihitaji ni wenye miguu isiyotoka majini, na wenye boti za alumini nzima.

Basi ukiwa dukani, ugeuze mkebe usome viambato kabla ya kuuliza bei. Ukikuta pameandikwa "cuprous oxide" na yako ni alumini, urudishe, hata kama muuzaji anakuapia.