Usomaji wa Takwimu za Kipimamchapuko za Majaribio ya Kugongesha Magari katika Uundaji Upya wa Ajali

Mtaalamu anayeitwa mahakamani kueleza jinsi ajali ilivyotokea hatimaye huulizwa swali moja: gari lilikuwa na kasi gani? Mara nyingi jibu lake huegemea jaribio lililofanywa miaka kadhaa kabla, katika nchi nyingine, kwa gari la aina ileile lililogongeshwa ukutani. Makala haya yanafafanua namna takwimu za jaribio kama hilo zinavyosomwa. Hoja yake kuu ni kwamba makosa mazito hutokana na kuchanganya mambo matatu: kilele cha mchapuko, mabadiliko ya kasi, na kasi ya gari kabla ya kugonga.

Jaribio linalorejelewa hapa ni lile la kugonga ukuta mgumu kwa upana wote wa mbele kwa kasi ya kilomita 56 kwa saa, ambalo mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, imekuwa ikiliendesha katika mpango wake wa kuyapa magari alama za usalama na kuziweka takwimu zake wazi kwa umma. Vipimamchapuko hufungwa juu na chini ya injini, kwenye breki za mbele, kwenye dashibodi, na kwenye boriti ya sakafu karibu na kiti cha nyuma, kushoto na kulia. Kuchagua kipi kisomwe si jambo dogo. Injini imo katika eneo linalobonyea, nayo husimama ghafla wakati sehemu ya abiria ingali inasonga mbele. Mchoro wake hujaa miinuko mikali isiyowakilisha mwendo wa gari zima. Boriti ya nyuma haibonyei katika jaribio hili, hivyo ndiyo inayokaribia zaidi mwendo wa kitovu cha uzito. Tena, kwa kuwa vipimo viko viwili, kimoja humsahihisha mwenzake: kushoto na kulia vikitofautiana sana katika mgongano ulionyooka, kimojawapo kina hitilafu, au gari lilizunguka.

Takwimu ghafi hazisomeki bila kuchujwa. Kiwango cha SAE J211 kimeweka madaraja ya vichujio: daraja la 60, ambalo hukata mitetemo inayozidi takriban Hezi 100, hutumika kulinganisha mwendo wa jumla wa muundo wa gari, daraja la 180, linalokata karibu na Hezi 300, hutumika pale mchapuko unapokusudiwa kukokotolewa integrali ili kupata kasi na mhamo. Hapa ndipo kilele cha mchapuko kinapopoteza hadhi yake. Takwimu zilezile zikipitishwa katika madaraja haya mawili hutoa vilele tofauti, ilhali eneo lililo chini ya mchoro, ambalo ndilo mabadiliko ya kasi, hubaki karibu lilelile. Ripoti inayotaja kilele bila kutaja kichujio haijasema kitu kinachoweza kulinganishwa na ripoti nyingine.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari la kilo 1,500 linagonga ukuta kwa mita 15.6 kwa sekunde (kilomita 56 kwa saa), linabonyea hadi mita 0.60, kisha linarudi nyuma kwa mita 2 kwa sekunde. Wastani wa mchapuko hasi katika umbali huo ni nusu ya mraba wa kasi ikigawanywa kwa umbali, yaani takriban mara 20 ya mvutano wa dunia. Integrali ya mchoro mzima, hata hivyo, haitatoa 15.6. Itatoa 17.6, sawa na kilomita 63 kwa saa, kwa sababu mabadiliko ya kasi yanajumlisha kasi ya kugonga na ile ya kurudi. Anayechukua 63 kama kasi ya kugonga ameongeza kilomita 7 ambazo gari halikuwa nazo. Kwa upande wa nishati mambo ni kinyume: kati ya kilojuli 181 zilizoingia, zilizorudi ni 3 tu. Mdundo usioonekana katika hesabu ya nishati huonekana waziwazi katika hesabu ya kasi.

Integrali pia hukuza kosa dogo. Kipimo ambacho sifuri yake imehama kwa nusu ya mvutano wa dunia, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona kwenye mchoro, kitapotosha kasi kwa takriban mita 0.5 kwa sekunde baada ya milisekunde 100, na mhamo kwa sentimita 2.5. Dawa yake ni kutoa wastani wa takwimu zilizonaswa kabla ya mguso, kisha kuulinganisha mhamo uliokokotolewa na ule unaoonekana kwenye filamu ya kasi kubwa.

Matumizi katika ajali halisi yanadai hatua moja zaidi. Kinasa matukio cha gari, kwa kanuni za Marekani, huhifadhi mabadiliko ya kasi kila baada ya milisekunde 10, na kanuni hizo huruhusu kosa la asilimia 10 juu au chini. Tuseme kinasa cha gari lililogonga kwa nyuma gari jingine la uzito sawa, lililokuwa limesimama, kinaonyesha mabadiliko ya kilomita 40 kwa saa. Iwapo mdundo unapuuzwa, kasi ya kugonga ni 80. Iwapo uwiano wa kasi ya kuachana kwa kasi ya kukutana ni 0.1, kasi hiyo ni 73. Ukijumlisha kosa la kinasa, jibu liko kati ya takriban 65 na 80. Katika barabara yenye kikomo cha 70, takwimu hizi pekee haziwezi kumtia dereva hatiani wala kumsafisha. Ni vema ieleweke pia kwamba uwiano huo huongezeka kadiri mgongano unavyokuwa mdogo, kwa hiyo thamani iliyopatikana katika jaribio la kilomita 56 haifai kuhamishiwa kwenye mgongano wa mwendo wa polepole.

Kwa Afrika Mashariki tatizo lina sura nyingine. Magari mengi huingia yakiwa yametumika Japani, na toleo lililojaribiwa Marekani huenda likawa na fremu au injini tofauti hata kama jina ni moja. Majaribio ya Ulaya hayaziba pengo hilo kwa urahisi: lile la Euro NCAP lililotumika hadi 2019 lilikuwa la kilomita 64 kwa saa dhidi ya kizuizi kinachobonyea, kwa asilimia 40 tu ya upana wa mbele. Kizuizi chenyewe humeza sehemu ya nishati, na gari huzunguka, hivyo kipimo kilicho mbali na kitovu cha uzito husajili pia mchapuko wa mzunguko. Ugumu wa muundo wa gari uliokokotolewa humo hauwezi kuwekwa katika fomula ya mgongano wa uso mzima. Pale jaribio la gari lenyewe linapokosekana, mchunguzi anapaswa kutaja gari mbadala alilotumia, tofauti ya uzito wake, na mipaka ya juu na ya chini ya kasi inayotokana na tofauti hiyo, badala ya kuipa mahakama namba moja.