Karavani ya kwanza: Mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga safari ya Voi

KABLA ya reli kufika Voi mwishoni mwa karne ya 19, msafara uliotoka Mombasa kuelekea Taita na Taveta ulianza kwa kazi moja: kugawa mizigo. Kila mpagazi alibeba yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mzigo uliofungwa ovyo ulimchosha mwenyewe kabla hajaivuka Nyika ya Taru, ambako maji yalikuwa adimu.

Njia ni ile ile, ingawa leo ina lami. Anayenunua karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, hana budi kuirejelea hekima hiyo ya kale. Wengi hudhani kwamba aliyezoea kuendesha gari anaweza kuvuta trela bila maandalizi. Maji usiyoyafika hujui kina chake.

Hatua ya kwanza ni stakabadhi. Nchini Kenya trela husajiliwa peke yake na kupewa nambari inayoanza kwa herufi Z. Hakikisha kwamba leseni yako inakuruhusu kuvuta trela ya uzito huo, na uiulize kampuni ya bima iwapo karavani imo katika mkataba au inahitaji bima yake. Soma pia kitabu cha gari lako ujue uzito ambao limeundwa kuvuta. Gari dogo lenye injini hafifu laweza kuivuta karavani kwenye tambarare, lakini likashindwa kuisimamisha kwenye mteremko.

Hatua ya pili, na pengine iliyo kuu, ni mizigo. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli, na sehemu kubwa kidogo ya uzito iwe mbele ya ekseli hiyo. Kadiri ya sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa trela ndiyo iegemee kwenye kiungo cha gari. Nyuma ikizidi uzito, trela huanza kuyumba huku na huku kama mkia, na mwendo ukiongezeka mkia huo hulitawala gari lenyewe. Usisahau maji: lita moja ni kilo moja, hivyo tangi la lita 100 ni sawa na kubeba watu wazima wawili wembamba.

Trela ikianza kuyumba, usikanyage breki kwa ghafla wala usizungushe usukani kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara ukielekea mbele, uache mwendo ushuke wenyewe. Kisha simama mahali salama uupange mzigo upya.

Hatua ya tatu ni mazoezi. Tafuta uwanja mtupu ujifunze kurudi nyuma. Shika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, trela nayo itakwenda kushoto. Jifunze pia kupinda kwa upana, kwani magurudumu ya trela hukata kona na huweza kupanda ukingo wa barabara au kumgonga aliyesimama pembeni. Awepo mtu wa kukuelekeza, na mkubaliane ishara za mikono mapema.

Siku ya safari, pima upepo wa magurudumu yote alfajiri yakiwa bado baridi, pamoja na gurudumu la akiba. Funga mitungi ya gesi. Mwombe mwenzako asimame nyuma ya trela wakati unapojaribu breki na taa za kuonyesha kona. Ile minyororo ya usalama ipishane chini ya kiungo, ili kiungo kikichomoka mbele ya trela isidondoke barabarani.

Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, masafa yanayofaa kwa safari ya kwanza. Simama Mariakani ukaze nati za magurudumu, kisha usimame tena Mackinnon Road, ambako wasafiri wengi hupumzika kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali. Gusa kitovu cha kila gurudumu kwa uangalifu. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, huenda beringi imeharibika au breki imeganda.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipuuza hilo. Alikuwa na trela ya kuazima, na karibu na Maungu gurudumu moja lilianza kucheza. Nati mbili zilikuwa zimekwisha kuanguka. Watoto walisubiri jua kali likiwachoma, huku malori yakipita umbali wa hatua chache na trela ikitikisika kwa upepo wake. Spana ilikuwamo garini tangu asubuhi, ila hakuna aliyekumbuka kuitumia.

Malori hayo ndiyo sababu ya kutokuwa na pupa. Gari linalovuta trela huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama na ya kulipita jingine, na sheria huliwekea kikomo cha mwendo kilicho chini ya kile cha gari dogo la kibinafsi. Usisafiri usiku. Barabara inapita katika eneo la Tsavo, na ndovu aliyesimama gizani haonekani mpaka umemfikia.

Ukikusudia kulala katika Mbuga ya Tsavo Mashariki, iko kambi ya Ndololo, karibu na lango la Voi. Wasiliana mapema na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) uulize iwapo karavani ya ukubwa wako itaruhusiwa, na ulipe ada kwa njia ya mtandao. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kambini, usiache matunda wazi, maana harufu yake huwavuta nyani na hata ndovu. Kamwe usiwashe jiko la makaa ndani ya karavani kwa ajili ya kupika au kuota moto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imewaua watu usingizini.

Wanaoendelea hadi Taveta hupitia Mwatate, Bura na Maktau kwa barabara ya lami ya kama kilomita 110. Wanaotaka kuiona Wundanyi ni vyema waiache karavani Voi au Mwatate, kwani njia ya milimani ina kona kali. Atakayelazimika kuteremka na trela atumie gia ndogo tangu juu, asitegemee breki peke yake. Breki zikipata moto hupoteza nguvu pale zinapohitajika zaidi.

Wapagazi wa zamani hawakuona haya kuutua mzigo na kuufunga upya njiani. Mwenye karavani naye asione haya kusimama mara mbili au tatu kabla ya Voi. Dakika kumi za kukaza nati ni chache mno zikilinganishwa na familia inayosubiri kando ya barabara, au isiyofika kabisa.