Beringi za Gurudumu la Nyuma: Usingoje Ajali

Pikipiki ikupelekayo kazini huipakia pia jamaa yako. Basi isimamishe kwa stendi kubwa, ulishike gurudumu la nyuma na kulitikisa kushoto na kulia. Likicheza, au likinguruma linapozungushwa, yamkini beringi zimekwisha, grisi haitazifufua.

Zibadilishe zote kwa pamoja, na sili zake. Nunua kwa namba iliyoandikwa ubavuni: 6202, kwa mfano, ina tundu la milimita 15 na kipenyo cha nje cha milimita 35. Unapozipachika, gonga duara la nje tu. Ukigonga la ndani, gololi huumia na beringi mpya hufa mapema. Bomba la katikati lirudishwe, ama sivyo kukaza ekseli kutazibana.

Beringi huuzwa dukani. Maisha ya uliyempakia hayauzwi.