Istilahi za Fasihi: Jina Lisiloeleweka Bila Shairi

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa tashihisi ni nini, mara nyingi hujibu bila kusita: ni kukipa kitu kisicho na uhai sifa za binadamu. Mpe shairi, umuulize tashihisi iliyomo imeliongezea nini, hapo ndipo huduwaa. Ndiyo maana wapo wanaoziona istilahi za fasihi kuwa mzigo wa mtihani tu. Mimi nashikilia kwamba bila istilahi hizo usomaji wetu hubaki juujuu, mradi kila moja tuipokee kama swali la kuliuliza andiko.

Chukua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaosimulia kuanguka kwa fahari ya Pate. Asiyejua nafsineni na nafsinenewa anaweza kuusoma kama mahubiri ya mcha Mungu kwa walimwengu. Azijuaye atauliza: nani anasema, na anamwambia nani? Ataona kwamba msemaji anauonya moyo wake mwenyewe. Hapo magofu ya Pate hupata uzito mwingine, kwa kuwa anayeyataja anajihesabu miongoni mwa wanaohitaji onyo. Hata neno moja laweza kumkwamisha msomaji. Akikuta “afiya” alipozoea “afya”, atadhani ni kosa la chapa. Ajuaye mazida, yaani kurefusha neno ili mizani itimie, atahesabu silabi: afya mbili, afiya tatu; huenda mshororo ulipungukiwa na mizani moja. Akimaliza hilo, anaendelea na maana.

Watasema wazee wetu waliburudika na tenzi bila kukariri istilahi. Ni kweli, lakini waliusikia ushairi ukighanwa tangu utotoni, na sikio lao lilitambua vina vilivyopotoka kabla hawajaambiwa. Vina na mizani ni maneno ya watunzi wenyewe; mshairi Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliyaweka kitabuni maarifa ambayo watunzi walikuwa nayo tayari. Msomaji wa leo hukutana na shairi kwenye karatasi, kimya, na istilahi humfidia sehemu ya malezi aliyoyakosa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba istilahi huua ladha, shairi likageuka orodha ya tashbihi na takriri. Madhara hayo yapo, ila chanzo chake ni mpangilio wa kufundisha. Mwanafunzi hupewa fasili kwanza, kisha hutumwa kuwinda mifano. Tuanze na shairi: alisome kwa sauti, aseme kwa maneno yake ni wapi limemgusa, ndipo apewe jina la mbinu iliyomgusa, kisha alirudie shairi. Na watungaji wa mitihani, kila wanapodai mwanafunzi ataje tamathali, wamdai pia aeleze shairi lingepoteza nini kama tamathali hiyo ingeondolewa. Alama nyingi ziwe hapo.