Nyama ya Punda na Muhuri wa Mkaguzi

Mkoani Singida punda ni mnyama wa kazi. Hubeba maji, kuni na magunia ya mazao, na watoto wa nyumbani humfahamu. Kwa hiyo tetesi kwamba nyama yake imeuzwa buchani kwa jina la ng'ombe huwatia watu kichefuchefu upesi kuliko habari ya nyama iliyovunda.

Hofu hiyo ina chanzo. Kabla ya serikali kusitisha uchinjaji wa punda mwishoni mwa mwaka 2021, machinjio yenye leseni yalikuwapo Dodoma na Shinyanga, mikoa inayopakana na Singida. Ngozi zilitakiwa China ili kutengeneza ejiao, dawa ya asili. Palipo na bei ya ngozi, pana na wizi. Na mnyama wa wizi huchinjwa kichakani, mbali na mkaguzi. Februari 2024 Umoja wa Afrika nao uliamua kuzuia biashara ya ngozi hizo barani kote.

Kinyaa chenyewe si kipimo cha sumu. Wahadzabe wa Mkalama hula nyani, jambo linalowashangaza majirani zao. Tumbo la binadamu huyeyusha protini bila kuuliza imetoka kwa nani. Hata hivyo, Waislamu walio wengi huharamisha punda wa kufugwa, na anayelishwa nyama hiyo kwa hila amedhulumiwa hata kama haumwi popote.

Kwa daktari, tatizo ni kwamba jina la uongo huficha historia ya mnyama. Je, alikuwa na kimeta? Alichomwa sindano lini? Kila dawa ya mifugo wa kuliwa ina muda wa kusubiri kabla ya kuchinja. Punda wa mizigo hakuna anayemhesabia siku hizo. Mwaka 2013, nyama ya farasi ilipogunduliwa ndani ya vyakula vya ng'ombe huko Ulaya, wataalamu walihofia fenilibutazoni, dawa ya maumivu inayoweza kudhuru uboho unaotengeneza damu. Kuchemsha hakutoshi kuondoa mabaki ya dawa, na mbegu za kimeta hustahimili moto wa kawaida wa jikoni. Tena mchinjaji na mchunaji huambukizwa kimeta kabla ya mlaji: kidonda kisichouma, chenye gamba jeusi katikati, kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mzoga mzima hausemi uongo. Ini la punda halina kifuko cha nyongo, mbavu zake kwa kawaida ni jozi 18 ilhali za ng'ombe ni 13, na kwato yake haijapasuka. Lakini nyama ikishakatwa mishikaki au kusagwa, ushahidi huo umekwisha. Wanaodai kuitambua kwa wekundu wake au utamu wake hukisia tu, maana ng'ombe mzee naye ana nyama nyeusi. Hapo hubaki kipimo cha vinasaba, ambacho hufanya kazi hata kwa nyama iliyopikwa.

Mnunuzi ana haki ya kuuliza muhuri wa mkaguzi kabla paja halijakatwa. Akishuku alichokwisha kununua, atenge kipande kibichi kwenye mfuko safi, akiweke penye baridi kali, aandike siku na mahali, kisha amwone afisa mifugo au afisa afya wa kata kabla ya kumtaja mwenye bucha hadharani.